Nguchiro Aliyesimama Penye Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanasema, kila mmoja alikuwa na nyumba yake, jiko lake na mlango wa kufunga jioni. Walikuwa na nchi zao pia. Tembo alikuwa na yake, Twiga na yake, Kifaru na yake ng'ambo ya vichaka. Katikati yao palikuwa na nchi ndogo iliyoitwa Bubujini, kwa sababu ya chemchemi yake iliyokuwa ikibubujika mwaka mzima, bubu-bubu-bubu, kama chungu cha uji jikoni.

Nchi hizo zilikuwa na Umoja wao. Nitawaambia ulivyoanza. Fisi mmoja alikaa madarakani mpaka nchi yake ikabaki mifupa mitupu. Majirani walikisikia kilio kutoka kule, lakini kila mmoja alisema, "Hayo ni ya ndani ya nyumba ya mwenzetu." Kilio kilipokoma walikwenda kutazama, wakakuta kimya. Waliona aibu. Walikaa pamoja wakalia kweli, kisha wakachora Mkataba juu ya jiwe kubwa ili mvua isije ikaufuta.

Mkataba ulisema hivi: "Muda wa mkuu wa nchi ukiisha, asikae tena kwenye kigoda. Wananchi wachague kwa mlolongo. Anayetaka ukuu asimame, na wanaomtaka wasimame nyuma yake. Atakayekataa, Umoja wote utakwenda kumtoa."

Maneno mazuri, wanangu. Siku ile waliyachora kwa moyo safi.

Sasa mkuu wa Bubujini alikuwa Nguchiro. Mnamjua nguchiro alivyo: kijitu kidogo, chepesi, macho hayatulii. Wananchi walimchagua kwa sababu aliwahi kuwatendea wema mkubwa. Kobra mwenye sumu kali alikuwa amehamia kwenye chemchemi, na kila aliyekwenda kuteka maji alikwenda akitetemeka. Nguchiro akaingia peke yake. Huku na huku, chap, chap, akamkamata kobra shingoni. Kina mama walimpigia vigelegele. Wakazungusha ua wa miiba kuzunguka chemchemi ili nyoka mwingine asiingie, wakaweka lango, na ufunguo wakampa yeye.

Hawakufikiria zaidi ya hapo. Nani angefikiria? Alikuwa amewaokoa.

Muda wake ulipoisha, wananchi walipika, wakavaa vizuri, wakaenda kumshukuru. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Mzee Nungunungu, mpole, mwenye miiba mirefu ambayo hakuwahi kumchoma nayo mtu.

"Mheshimiwa," alisema, "tumekuja kukuaga."

"Kuniaga?" Nguchiro aliuliza. "Kwani nasafiri?"

"Muda wako umekwisha."

"Aa, huo. Na kobra mwingine akija, atapigana naye nani? Wewe? Utamgeuzia mgongo, umwambie, tafadhali bwana nyoka, ngoja kidogo nilenge miiba yangu?"

Jamaa zake Nguchiro, waliokuwa wamesimama mlangoni, wakacheka, kwi-kwi-kwi. Chakula kilipokelewa. Wananchi wakarudi nyumbani na vyombo vitupu.

Basi Mzee Nungunungu akafunga safari mwenyewe kwenda kuliita Baraza la Umoja. Miguu yake mifupi, njia ndefu, jua kali. Lakini alifika, akaeleza, na Umoja ukaja.

Walikuja wakubwa watatu. Tembo alikuwa mwenyekiti. Kifaru alikuwa katibu, na yeye ndiye aliyebeba nakala ya Mkataba, ingawa haoni mbali. Twiga alikuwa mkuu wa waangalizi. Ardhi ilitikisika, du, du, du, vyombo vikagongana makabatini.

Katika nyumba ya mwisho kabisa, karibu na ua wa chemchemi, alikaa Mama Mashavu. Huyu alikuwa swala, mjane, aliyekuwa amejifungua majuzi tu. Alimnyanyua mtoto wake mlangoni ili naye awaone wageni.

"Tazama, Mashavu," alimnong'oneza. "Tazama walivyo wakubwa. Wamekuja kwa ajili yetu."

Nguchiro aliwapokea wageni barazani kwake. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, wima kama kijiti, na kigoda cha nchi kilikuwa kando yake, kitupu.

"Karibuni, wazee wangu, karibuni mkae," alisema. "Mtaniwia radhi, mimi sitakaa nanyi. Mkataba unanikataza."

Wale wakubwa wakatazamana.

Kifaru akaufungua Mkataba, akausogeza mpaka ukagusa pua. "Ni kweli. Umeandikwa, 'asikae tena kwenye kigoda.'"

"Ndiyo hivyo, Mheshimiwa Katibu. Basi hebu nitazame. Nimekaa?"

Kifaru akamsogelea, akasogea tena, mpaka pembe ikakaribia kumtoboa tumbo.

"Hujakaa," alisema. "Umesimama."

"Na mimi nikitazama kutoka huku juu," alisema Twiga, "naona amesimama."

Mzee Nungunungu hakuamini masikio yake. "Waheshimiwa, kukaa kwenye kigoda maana yake ni kutawala. Huyu anatawala. Ufunguo anao, walinzi anao, amri anatoa."

"Anatoa amri akiwa amesimama," alisema Kifaru.

"Lakini maana ya neno..."

"Mzee, Mkataba huu una maneno. Maana sikupewa niibebe."

Jamaa zake Nguchiro wakaziba midomo kwa mikia. Nguchiro mwenyewe hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu anayeswali.

"Akichoka je?" aliuliza Mzee Nungunungu. "Si atakaa?"

"Nikichoka nachuchumaa," alijibu Nguchiro. "Kuchuchumaa kumekatazwa wapi?"

Kifaru akatafuta ukurasa kwa ukurasa. Hakupata mahali.

Tembo alikuwa akipepea masikio yake taratibu. Mwisho akasema, "Bado kuna uchaguzi. Huo hauna njia ya kuukwepa. Lazima wananchi wapange mlolongo nasi tuone."

"Na upangwe," alisema Nguchiro, akainama mpaka chini. "Nipeni tu nafasi nifanye usafi kidogo. Wageni kama nyinyi hamwezi kupokelewa katika uchafu."

Wageni wakaletewa matikiti, miwa na ndizi zilizoiva. Wakala, wakashukuru, wakaahidi kurudi mwezi mpya utakapoonekana. Du, du, du, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi Mama Mashavu alikwenda kuteka maji akakuta lango limefungwa. Mbele yake alisimama kijana wa kinguchiro na fimbo.

"Chemchemi imefungwa, Mama. Inafanyiwa usafi wa uchaguzi."

"Itafunguliwa lini?"

"Usafi ukiisha."

"Inasafishwa kwa nini?"

"Kwa maji."

"Maji gani?"

"Haya haya ya kwake."

"Mwanangu, nanyonyesha. Nipe japo kata moja."

Kijana alitazama chini. Naye alikuwa na mama. Lakini nyuma ya ua mtu alikohoa, na kijana akanyanyua fimbo yake tena. "Imefungwa, Mama."

Basi kiu ikaingia Bubujini. Mtungi wa mwisho ukakauka katika kila nyumba. Kina mama waliacha kupika chakula cha kuchemsha. Watoto waliacha kucheza uani, kwa sababu anayekimbia hukaukwa koo. Na maji walikuwa wakiyasikia ng'ambo ya miiba, bubu-bubu-bubu, mchana kutwa.

Mama Mashavu alianza kuona maziwa yanapungua. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Mama alimwimbia tu, na sauti nayo ilikuwa imekauka.

Lakini nisiwafiche, wanangu, hata siku hizo palikuwa na watu wema. Mzee Nungunungu alijua kuchimba. Kila kulipopambazuka alikwenda kwenye miamba akachimba mizizi ile minene yenye majimaji, akapita mlango kwa mlango akiiacha, na nyumba yenye mtoto ilipata kubwa zaidi. Bibi Kobe naye alikuwa akitandaza majani mapana uani yashike umande, kisha akayabeba kumpelekea Mama Mashavu. Alitembea polepole mno, hata akifika nusu ya umande imeshakauka. Hata hivyo alipeleka.

"Utanisamehe, mwanangu," alikuwa akisema. "Nilianza na maji mengi."

"Haya yananitosha, Bibi," alikuwa akijibu Mama Mashavu, na hayakumtosha.

Watu wakasema katika nyumba zote, mlango mmoja hadi mwingine: siku ya mlolongo tutasimama nyuma ya Mzee Nungunungu. Akipata ukuu, lango litang'olewa. Mama Mashavu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka.

"Mimi nitakuwa nyuma yako kabisa, Mzee. Nitakuwa nakukanyaga visigino."

"Angalia miiba tu," alisema Mzee Nungunungu.

Siku ikafika. Umoja ukarudi, safari hii wakiwa wamevaa vizibao vya kijani vilivyowatambulisha kuwa waangalizi. Cha Twiga kilimfika kifuani tu, kwa sababu fundi hakuwa na kitambaa cha kutosha. Asubuhi ile wananchi wote wa Bubujini walikuwa wameshapanga mstari kiwanjani nyuma ya Mzee Nungunungu: ngiri na watoto wake, kanga, sungura, nyani, kima, tumbiri, wakubwa kwa wadogo. Mstari ulikuwa mrefu mpaka ukapinda. Mama Mashavu alikuwa wa kwanza, mtoto kifuani, na Bibi Kobe kando yake.

Nyuma ya Nguchiro hapakuwa na mtu. Hata yeye mwenyewe hakuwepo.

"Mgombea mwingine yuko wapi?" Kifaru aliuliza.

"Niko hapa, Mheshimiwa Katibu." Nguchiro alitokea akitembea, tipu-tipu-tipu, na jamaa zake nyuma. "Nauliza tu. Mkataba unasema mgombea asimame wapi?"

Kifaru akausogeza puani. "Unasema 'asimame'. Mahali haukutaja."

"Basi nitasimama ninapopapenda."

Akaelekea kwenye ua wa chemchemi, akatoa ufunguo. Kacha. Lango likafunguka, na sauti ya maji ikatoka yote kwa pamoja, bubu-bubu-bubu, ikafika kiwanjani. Nguchiro akasimama wima katikati ya lango, kata mkononi.

"Wananchi wapendwa," alisema kwa sauti tamu, "usafi umekwisha. Karibuni maji. Msisukumane. Mmoja mmoja, kwa mlolongo, nyuma yangu."

Hakuna aliyetikisika. Kila mtu alimtazama mwenzake, kisha akatazama chini. Maji yakaendelea kuita.

Aliyeondoka kwanza alikuwa ngiri. Watoto wake walikuwa wengi, na mmoja alikuwa amelala chini. "Mzee, nakwenda na kurudi," alisema bila kuinua macho. Kisha akaenda kanga na vifaranga vyake, kisha nyani, kisha sungura. Wengine walisema samahani. Wengine hawakusema kitu, kwa sababu midomo ilikuwa imeshikana kwa ukavu. Mstari uliokuwa kiwanjani ukayeyuka, ukaota tena mbele ya lango.

Mzee Nungunungu alikuwa ameelekeza uso mbele, kama kanuni ilivyotaka. Hakugeuka.

"Nani amebaki?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Mashavu. "Na Bibi Kobe."

"Mtoto analia?"

Mama Mashavu alimtazama mtoto. "Alikuwa analia. Sasa halii."

"Nenda kwenye maji, Mama Mashavu," alisema Mzee Nungunungu.

"Mimi ndiye niliyeahidi wa kwanza, Mzee."

"Najua. Nenda."

"Nikienda utabaki na nani?"

"Atabaki na mimi," alisema Bibi Kobe. "Mimi hata nikitaka kumsaliti siwezi. Nikifika kule uchaguzi wa mwakani utakuwa umeshafanywa."

Mzee Nungunungu akacheka, miiba ikagongana mgongoni, cheke-cheke-cheke. Kilikuwa kicheko cha pekee kiwanjani siku ile. Mama Mashavu akaondoka mbio, machozi yakimtoka, akaona ajabu kwamba mwilini mwake bado mlikuwa na maji ya kulia.

Wenzake walimwona anakuja. Ngiri alikuwa karibu na lango. Akamshika mkono akamweka mbele yake. Waliokuwa nyuma ya ngiri hawakunung'unika, ingawa kila mmoja alikuwa na kiu yake.

Nguchiro alikuwa akiwahudumia taratibu sana. Alimsalimu kila mmoja, akamuuliza habari za nyumbani, akamsifia watoto, ili mstari usipungue. Mama Mashavu akafika.

"Shikamoo yangu iko wapi, Mama Mashavu?" aliuliza Nguchiro. "Haya, kunywa. Asante kwa kunichagua."

"Nimekuja kwa maji."

"Ndiyo hayo hayo," alisema Nguchiro, akammiminia.

Alikunywa kata moja. Ya pili hakupewa. Akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa waangalizi, waliokuwa wamesimama kivulini mbali kidogo. Twiga alikuwa amenyoosha shingo juu ya miti.

"Mlolongo mrefu," Twiga alikuwa akisema. "Mtulivu. Sijapata kuona watu watulivu namna hii."

"Ni watulivu kwa sababu makoo yamekauka," alisema Mama Mashavu. "Mheshimiwa, inama kidogo uone miguuni mwao. Ule si mlolongo wa kuchagua. Ni mlolongo wa maji."

"Nikiinama, Mama, nitaona sehemu tu. Kazi yangu ni kuuona wote."

Mama Mashavu akamgeukia Kifaru. "Mheshimiwa Katibu, walikuwa nyuma ya Mzee Nungunungu asubuhi nzima. Mliwaona."

"Niliona vivuli vingi," alisema Kifaru. "Nyuma ya nani, sikuweza kusema. Sasa niambie wewe uliyeko karibu: wananchi wamesimama nyuma ya Mheshimiwa Nguchiro, au hawakusimama?"

"Wamesimama, lakini..."

"Wamesimama," Kifaru alirudia, kama anayekariri.

"Nimesema na lakini."

"Nimekusikia, Mama. Lakini hiyo haimo kwenye Mkataba."

Mama Mashavu alikuwa amekuja na maneno mengi, na yote yalikuwa kweli, wala hapakuwa na pa kuyaweka.

Hapo Tembo akamgusa bega kwa mkonga, akamwita pembeni. Alipiga magoti, mnyama mkubwa vile, puu, ili uso wake uwe sawa na wa Mama Mashavu. Akalitandaza sikio lake moja kumkinga mtoto na jua.

"Amekuwa hivi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu chemchemi ilipofungwa."

Tembo akashusha pumzi, majani makavu yakaruka. "Mama, mimi sijadanganyika. Twiga hajadanganyika, na hata Kifaru haoni vibaya kiasi kile."

"Basi semeni."

"Nikisema, Nguchiro ataniuliza mlolongo wa kwangu ulipangwa lini." Tembo alisema polepole, kama anayetoa mwiba. "Haujapangwa tangu alipofariki baba yangu. Nilirithi kigoda, nikakalia. Twiga nchini mwake wagombea wote ni wajomba zake. Kifaru yeye huwafukuza wapinzani halafu anasema hakuwaona. Tukimtoa huyu mdogo leo, kesho nani atatubakiza sisi?"

"Kumbe mlikuja kufanya nini?"

"Kutazama."

"Na mmeona?"

Tembo alifungua kibuyu kikubwa cha maji alichobeba kwa ajili ya safari yake, akamimina kidogo kwenye kiganja cha Mama Mashavu, akamsaidia kumlowesha mtoto midomo. Alifanya taratibu sana, tone moja moja. Kisha akamwachia kibuyu chote.

"Chukua. Nitanywa njiani."

Mama Mashavu akakipokea. Angefanyaje, wanangu? Alikuwa na mtoto. Lakini katika mambo yote ya siku ile hilo ndilo lililomkata moyo zaidi. Tembo angekuwa mbaya, angemchukia na kumaliza. Alikuwa mwema, anajua yote, na alikuwa anaondoka.

Kifaru alisimama juu ya kichuguu kutangaza.

"Nyuma ya Mheshimiwa Nguchiro: mlolongo mrefu. Nyuma ya Mzee Nungunungu: kobe. Umoja umeridhika. Mkataba umeheshimiwa, neno kwa neno. Tena, kwa kuwa hatujawahi kuona mlolongo uliopangwa vizuri namna hii, tunamwomba Mheshimiwa Nguchiro awe mwangalizi mwenzetu katika nchi nyingine."

Wakamvika kizibao. Kilimfunika mpaka miguuni, akawa kama mtoto aliyevaa koti la baba yake, na jamaa zake wakapiga makofi. Wananchi waliokuwa bado kwenye mstari hawakupiga wala hawakuzomea. Walikuwa wakihesabu kwa macho wangapi wako mbele yao.

Wageni wakaaga. Du, du, du, mpaka sauti ikapotea. Nguchiro alisimama langoni akiwapungia mkono kwa adabu mpaka Twiga, aliyeonekana hadi mwisho, alipozama nyuma ya kilima.

Nusu ya mstari ilikuwa haijapata maji.

"Haya," alisema Nguchiro, akaingiza kata kwapani. "Uchaguzi umekwisha. Rudini majumbani."

Kacha.

Hakuna aliyepiga lango. Walisimama pale muda, mmoja nyuma ya mwingine, kana kwamba mlolongo wenyewe ungeweza kuwasaidia. Halafu Mama Mashavu akaja na kile kibuyu cha Tembo. Akaanza na wa mwisho kwenye mstari, akapanda kuelekea lango, kila mtoto funda moja. Kilikuwa kibuyu kikubwa lakini watoto walikuwa wengi. Mafunda ya mwisho hayakujaza kinywa.

Matone yaliyobaki ndani ya kibuyu aliyabeba mpaka kiwanjani. Mzee Nungunungu alikuwa bado amesimama palepale, ameelekea mbele, na Bibi Kobe nyuma yake. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuwaambia kwamba wanaweza kuondoka.

"Mpe Bibi," alisema Mzee Nungunungu.

"Kuna yako pia."

Akanywa. Pale wakamsikia Mashavu akilia kifuani kwa mama yake, kwa sauti ya mtoto mwenye njaa na nguvu za kudai. Maziwa yalikuwa yamerudi kidogo. Yatatosha leo. Ya kesho hakuna aliyeyajua, kwa sababu lango lilikuwa limefungwa, na wale wa kuitwa walikuwa wameshakuja.

"Umetukasirikia, Mzee?" Mama Mashavu aliuliza.

Mzee Nungunungu akatikisa kichwa.

"Ningekuwa na mtoto mchanga, Mama Mashavu," alisema, "hata mimi nisingesimama nyuma yangu."

Hadithi yangu imefika mwisho wake, wanangu, nami sikuupamba. Shikeni hili moja: mwenye nguvu akiyalinda maneno ya haki na kumwacha mwenye haki na kiu yake, amemlinda mwonevu.